Ngazi Yetu Yote Ina Kazi

Korangi, Karachi
3 Agosti

Mwanangu Danyal,

Salaam nyingi. Mama yako na dada yako Sumbul wazima. Mimi mzima wa mwili, roho ndiyo inayochemka. Kile kituo cha ajira tulichoahidiwa sisi tuliofungiwa kiwanda cha nguo kimepelekwa mtaa mwingine. Eti takwimu zinaonyesha ukosefu wa kazi kwetu umepungua! Umepungua wapi? Jirani Ghafur anashinda kwenye ngazi za ghorofa letu akipiga soga, na mimi nilikuwa nakitegemea kituo hicho nipate kazi kabla ya harusi ya Sumbul. Wewe si uko kwenye ofisi ya hizo takwimu? Waulize wakubwa zako kama wana macho.

Baba yako,
Mukhtar

Islamabad
19 Agosti

Baba mpenzi,

Salaam aleikum, naibusu mikono yako. Afya yangu njema, ila nimeangalia karatasi za takwimu za mtaa wetu na hasira zimenipanda. Milango yote minane ya ngazi yetu, kila mwanamume amesema ana kazi! Wewe umeandikwa msimamizi wa mashine kiwandani. Kiwanda gani, Baba? Kile chenye kufuli la kutu? Mmejipalia makaa wenyewe, halafu unanituma nikatukane watu. Kwa nini ulidanganya?

Mwanao,
Danyal

Korangi
30 Agosti

Danyal,

Hatujambo. Usiniandikie kama hakimu, mimi ndiye niliyekuzaa. Yule binti wa takwimu alikuja wakati wazazi wa Arsalan wamekaa kwetu, chai mkononi, wamekuja kumposa Sumbul. Akauliza toka mlangoni kwa sauti ya muuza samaki, "Mzee, una kazi?" Ulitaka niseme nini? Baba yake Arsalan alikuwa ametoka kujigamba kwamba mwanawe ni msimamizi bandarini. Ghafur naye alinisikia kupitia ukutani, na yule hakubali kushindwa. Alipofikiwa akasema ana kazi mbili! Heri njaa kuliko fedheha.

Baba yako

Islamabad
14 Septemba

Baba,

Salaam. Mgongo unaendeleaje? Nimechelewa kujibu kwa sababu kila nilichoandika kilikuwa matusi, nikakichana. Hizo sifa zenu hazipiki roti, Baba. Binti atarudi Novemba. Safari hii mwambie kweli, hata kama wakwe wamejaa mpaka jikoni. Niapie.

Mwanao

Korangi
25 Novemba

Mwanangu,

Tu wazima, namshukuru Mungu. Niliapa, na kiapo chenyewe nimekitimiza. Sasa sikia.

Nilinunua brashi nikaenda kukaa kwenye mzunguko wa barabara ulio mbali, kule mafundi rangi wanakosubiri wateja, nisionwe na mtu. Pembeni yangu, kitambaa usoni, nani? Arsalan! Nikamwuliza, "Bandari imehamia huku, mkwe?"

Akajibu, "Imekifuata kiwanda chako, mzee."

Nusura nimzabe kofi. Mara gari likasimama, mtu anataka fundi mmoja, na watu wote wakaruka. Arsalan akanisukuma mbele. "Mchukue huyu! Huyu ndiye fundi!" Nilipaka ukuta mpaka adhuhuri, huku machozi ya hasira yakinitoka. Hasira kwa kiwanda, kwa Ghafur, kwangu mwenyewe.

Wiki hiyohiyo binti akaja. Nikafungua mlango wazi, nikapaza sauti ngazi nzima isikie: "Sina kazi! Andika!"

Akauliza taratibu, "Siku saba hizi, mzee, hata saa moja ya malipo?"

Nikaukumbuka ule ukuta. Nikamwambia kweli, kama nilivyokuapia. Akaandika: ana kazi. Nikamfokea, akasema ndivyo alivyofundishwa huko kwenu. Arsalan alibeba mifuko miwili ya saruji siku hizo, naye huko kwao kaandikwa vivyo hivyo. Ghafur alicheka nyuma ya ukuta mpaka akakohoa. Waambie wakubwa zako nawalaani mmoja mmoja.

Harusi ni mwezi ujao, uje. Sote huku tuna kazi. Mchele wa biriani uje nao wewe.

Baba yako