Uso wa Etabo Chini ya Chokaa

Baba Etabo,

Nimekasirika, na nimeona niseme mapema usije ukadhani nimekuandikia kukulilia. Kukulilia nimeshakulilia. Ndugu zako walikaa matanga, wakala ugali na samaki wote walioletewa, wakarudi Lubondja. Nimebaki na mama yako, na mama yako hasikii vizuri, kwa hiyo hasira zangu hazina wa kuambiwa. Zichukue wewe.

Habari za hapa kwanza. Yule padri mzee aliyekufundisha kuchora amerudishwa kwao Ulaya, mgonjwa. Amekuja padri mwingine, kijana, mwenye haraka. Mvua za mwaka huu zimeng'oa bati la kanisa upande wa ziwa, maji yakateremka ukutani mpaka kwenye Bikira Maria uliyemchora.

Huyo Bikira.

Unakumbuka ulivyokuwa ukirudi jioni kutoka misheni umejaa maneno ya kile kitabu kikubwa cha picha? Mimi nasaga rangi, wewe unahubiri. Ukaniambia zamani Wazungu walichora watakatifu wote kwa sura moja, bapa kama samaki waliotandazwa juani, nyuma yao dhahabu tupu, kwa sababu walitaka kuonyesha mbingu tu. Kisha miji ya Italia ikatajirika kwa biashara, matajiri wakawaita wachoraji, na wachoraji wakaanza kutazama watu: wakatia kivuli, mlima wa mbali, mfupa chini ya ngozi. Waflama, watu wa kaskazini kwenye baridi, nao wakachora Betlehemu imejaa theluji. Nilicheka. Nikakuuliza kama hawakujua ile ni nchi ya jua. Ukasema wajue wasijue, kila watu walimfanya Bikira kuwa wa kwao, wakampa sura ya mwanamke wa jirani, mara nyingine ya mke wa mchoraji mwenyewe.

Ulipofika kwenye ugomvi wa dini ukanitania, mimi binti wa Waprotestanti wa Lweba. Eti wazee wangu wa Ulaya ndio waliovunja sanamu kwa nyundo na kuwapaka watakatifu chokaa usoni, na Wakatoliki wakajibu kwa picha kubwa zaidi, zenye machozi na mwanga mkali, ili watu warudi kanisani. Halafu wafalme wakataka na wao wachorwe juu ya farasi, mpaka watu wakawachoka wakaanza kuwakata vichwa, na wachoraji wakaenda zao shambani kuchora wakulima. Karne nyingi za watu wengine, Baba Etabo, nimezisikiliza huku mkono unaniuma kwa jiwe la kusagia. Sikuzichukia. Nilidhani unaniandalia kitu.

Kwa sababu ndipo uliponiambia, "Ikala apo na mutoto. Ninataka Maria wa kwetu."

Nikakaa kwenye kigoda, Etabo mapajani, anavuta shanga zangu. Akichoka ulimpa kipande cha muwa. Ulimtazama sana siku zile, mpaka nikaona wivu.

Siku ya kubariki ule ukuta nilivaa kitenge kipya nikaingia kanisani kwenu, huku nikijua watakavyonisema Lweba. Nikaona mikono yangu, imepaushwa. Nikaona kitovu cha mwanangu, kile kilichotokeza, na tumbo lake. Lakini juu ya mabega yangu kulikuwa na kichwa cha mwanamke mweupe wa kwenye kitabu, na Etabo alikuwa na kichwa cha mtoto mwenye nywele za manjano. Padri mzee alikuambia watu hawawezi kumwomba jirani yao wa sokoni, na wewe ukasema ndiyo. Waitalia walikuwa na Bikira Mwitalia, Waflama walikuwa na Mflama. Wa hapa kwetu Baraka peke yake ndiye aliyetakiwa kuazima kichwa. Katika yote uliyonihubiria, hukupata hata neno moja la kumjibu?

Hilo ningelisamehe. Lakini mwaka uliofuata surua ikamchukua Etabo, nasi hatukuwa na picha yake. Mwanzoni nilimwona kila nikifumba macho. Kisha akaanza kunitoka, nyusi kwanza, halafu mdomo. Watu wakaniita Mama Etabo, nami nikaitika, na huyo Etabo simwoni. Nilikuambia. Nilikuomba, tena kwa kulia, unichoree japo kwa mkaa. Unajua ulivyonijibu.

"Acha, Mama Etabo. Mi pia nimemusahau."

Nilikuamini. Nilikuonea hata huruma.

Wiki iliyopita padri mpya aliniita. Kwetu mwanaume anasimamisha nyumba, mwanamke anaikandika, kwa hiyo ukuta ukiharibika tunaitwa sisi. Akasema chokaa ya juu imedondoka, niilaze upya, mchoraji kutoka Bukavu atakuja kupaka rangi. Nikaenda na ndoo na mwiko.

Ile chokaa laini ilikuwa imeanguka chini vipande vipande, na vile vichwa viwili vya kizungu vimeanguka nayo. Nyuma yake kulikuwa na chokaa ya kwanza, ya mchanga, imechorwa kwa udongo mwekundu. Padri akanieleza ndivyo Waitalia walivyofanya: mchoraji anachora picha nzima kwanza kwa udongo, kisha kila siku anafunika kipande kwa chokaa mbichi na kukipaka rangi kabla hakijakauka. Katika mahubiri yako yote, hilo hukunieleza.

Alikuwa Etabo. Nyusi zake zinazokaribia kugusana, sikio lake lililokunjika, mdomo wazi na jino lake moja. Anavuta shanga zangu, na mimi namtazama, mimi, na pua yangu hii. Nililia kwa sauti mpaka padri akatoka nje.

Hukuwa umemsahau. Kila Jumapili ulipiga magoti mbele yake ukijua yuko pale ndani, unene wa kidole tu, kisha ukarudi nyumbani ukanitazama nikimtafuta. Kikulacho ki nguoni mwako. Nimejaribu kukutetea. Labda uliogopa ningeubomoa ukuta kwa kucha. Ni kweli ningeubomoa. Bado hukuwa na haki.

Padri aliporudi alitaka kujua kwa nini chokaa inakauka ndooni. Akasema mistari ile ni matayarisho tu, haina maana, ifunikwe kabla ya sikukuu.

Nikamwambia, "Padri, huyu mutoto nilishamuzika mara moja. Sitamuzika tena."

Akasema ataita wengine, akawaita. Jirani yetu Mama Byaombe alikuja mbele na mwiko wake, akatazama, akasema, "Ni Etabo uyu." Akauweka mwiko chini, na wenzake wakaweka ya kwao. Sasa padri anasema ataandika kwa askofu. Aandike.

Nakuacha hapo, Baba Etabo. Kaburi lako nitalipalilia, mama yako anataka, lakini usingoje maneno matamu kutoka kwangu. Ninachokuahidi ni hiki: kila asubuhi kabla ya kwenda shambani nitapita kanisani kwenu nikae mbele ya mwanangu, mpaka nimjue tena kiasi kwamba hata wakimfunika hawataninyang'anya. Siku hiyo nitakuja hapo ulipolala nikueleze uso wake wote, nyusi, sikio, jino, polepole, usikose hata kimoja, kwa kuwa wewe ulisema umemsahau.

Mkeo,
Mama Etabo