Shombo Mlangoni mwa Maktaba

Jumanne

Sijutii kumwambia. Ila ningemwambia nyumbani.

Nikitoka kuuza samaki, nilimpelekea mjukuu wangu Mwanasha chakula huko maktabani, anakojifunza kazi ya ukutubi. Nikamkuta mlangoni ameshika mikono ya mtoto wa mvuvi, anainusa. "Unanuka shombo wewe. Utatuharibia vitabu, rudi kwenu." Watoto wenzake wakamcheka.

Nikapasuka mbele ya watu wote. "Hayawani! Shombo hilo ndilo lililokusomesha! Njoo unuse na mikono yangu!"

Mkubwa wake wa kazi akasema taratibu, "Bibi, amri ya kunusa watoto mikono ni yangu, si yake."

Lakini maneno yangu yalikuwa yameshatoka.

Sasa Mwanasha amejifungia chumbani, anasema harudi tena. Asipomaliza mafunzo, cheti hapati. Mimi sikusoma, hata herufi hizi alinifunza yeye, wala hakunicheka hata siku moja.

Nimemwambia nikiwa hapo nje ya mlango wake, "Kesho utakwenda, na sabuni utabeba. Mtoto ukimnawisha, ataingia."

"Bibi, niache."

Kumwomba radhi siwezi, ulimi hautaki. Nimelipiga pasi buibui lake, nikalitundika mlangoni.