Si Jicho Lako, Ni la Boksi

Ng'ambo,
Tabora.
8 Juni 2025.

Mpendwa wifi Getruda,

Shikamoo wifi. Tumsifu Yesu Kristo. Habari za Newala? Na ule mguu uliokuwa ukikusumbua umepata nafuu? Sisi mwilini hatujambo. Mpunga wa mama Levina kule Kwihara mwaka huu umekubali, na mimi nimenenepa, ukiniona usinicheke.

Wifi, moyo wangu umevunjika, siwezi kuzunguka maneno. Ni habari za mdogo wako, mume wangu Vedasto. Yale macho tuliyokwambia yanamwasha tu, sivyo. Ni presha ya macho. Daktari alituambia nuru iliyokwisha kupotea hairudi, na dawa ya matone ni ya kulinda hicho kidogo kilichobaki. Jicho la kulia halioni kitu. La kushoto linaona uso ukisogezwa karibu. Vedasto alinikataza kukwambia, eti wewe uliyembeba mgongoni utalia mpaka uugue.

Kazi hakuiacha. Unamjua na majivuno yake. Kuchomelea redio aliwaachia wenzake, akabaki na maboksi ya chuma ya amplifaya, maana hapa Ng'ambo hakuna anayetoboa kama yeye. Hubandika solotepu bati lisichubuke, hugonga kitone kwa msumari ili drili isiteleze, huanza na tundu dogo halafu kubwa, kisha husugua kwa tupa, taratibu, mpaka soketi iingie bila kugombana wala kucheza. Na matundu hayaiti matundu. Kwake ni macho: jicho la maiki, jicho la umeme. Nyumba nzima tumezoea kusema hivyo.

Tangu mwaka uanze, macho hayo yakawa yanakwenda upande. Mengine mapana, soketi inadumbukia. Vedasto akijilaza baada ya chakula, nachukua tupa nayanyoosha, pengine nabandika kipande cha bati kuziba aibu. Miaka ya kumshikia boksi ilinifundisha. Wateja wakasifu, yeye akafurahi, na mimi nikafurahi kwa kujiiba.

Wiki iliyopita alikuja katekista Dismasi wa Kwihara kuulizia boksi la amplifaya ya kigango. Nikamnong'oneza mlangoni, "Jicho moja limeharibika, lakini usijali, nitalishughulikia."

Kumbe Vedasto amesikia. "Mama Fikiri, ndiyo umeanza kunitangaza kwa watu?"

Uchungu wa sauti ile, wifi! Nikakurupuka kumtuliza, "Jamani, si jicho lako, nasema la boksi!"

Ulimi hauna mfupa. Alipapasa mpaka akalipata boksi. Akapitisha kidole cha mwisho kwenye jicho la maiki alilolikosea, halafu kwenye la umeme ambalo nilikuwa nimeshalinyoosha. Akauliza, "Hili nani amelipiga tupa?" Akasema, "Ni zuri," akanikabidhi boksi, akaingia ndani.

Tangu hapo hajagusa drili. Akiulizwa anajibu, akipewa chakula anakula, basi. Angenigombeza ningepumua. Boksi la kigango nimelimaliza mwenyewe huku nalia, na Dismasi amelichukua akimshukuru Vedasto, naye akaitikia kwa adabu.

Wifi, njoo. Usingoje Krismasi. Njoo angali anaweza kuuona uso wako. Ukifika usimwambie nimekuita. Sema umemkumbuka tu, halafu usogee karibu naye kabisa.

Mama Levina anakusalimu sana, anasema anakutunzia mchele mpya. Fikiri naye anamwamkia shangazi yake. Nisalimie shemeji Antoni na Recheli.

Vedasto hajakutumia salamu, kwa kuwa hajui kama nakuandikia. Simu angeisikia. Tumekaa meza moja, mchana kweupe, karatasi hii iko mbele yake, naye ananiuliza mbona nimekaa kimya hivyo, sina kazi leo?

Mungu akushike mkono njiani, akufikishe mapema.

Wifi yako akupendaye, anayekutazamia barabarani,

Demetria