Chiriku wa Petro

Jumatatu, 3 Juni
Chapati zangu za kuuza zimeisha kabla ya saa nne. Karasha la jirani limesaga mawe ya dhahabu kutwa, kichwa kinagonga. Petro wangu kalala palepale kando ya karasha. Wachimbaji wanamsifu: mtoto wa machimbo huyu, mtulivu, hasumbui. Ana miaka mitatu na hajasema hata "mama". Hilo wanalisema nikishaondoka.

Jumatano, 5 Juni
Mama mkwe kaja kutoka Bukombe na chiriku kwenye kizimba cha vijiti. Kwao mtoto aliyechelewa kusema hulishwa ulimi wa chiriku. Ila ndege aimbe kwanza nyuma ya mtoto, mtoto ageuke amtazame, ndipo achinjwe. Asipogeuka, dawa haishiki. Nimechukia. Nikasema shikamoo, nikapokea kizimba. Nataka mwanangu aseme. Hata kwa ulimi wa ndege, basi.

Alhamisi, 6 Juni
Chiriku kanuna. Haimbi. Mama mkwe analilaumu karasha. Baba Petro yuko shimoni, hana habari.

Jumapili, 9 Juni
Leo karasha limezimwa. Baada ya misa tukamketisha Petro mkekani, kizimba nyuma yake. Chiriku kaimba, kaimba, mpaka majirani wakaja kuchungulia. Petro anachezea kizibo cha soda.

"Ngoja, Mama Petro," mama mkwe akasema. "Atageuka tu."

Sikungoja. Nikachukua sufuria, nikaipiga kwa mwiko nyuma ya kisogo chake. Kuku wakatawanyika. Petro na kizibo chake. Nikapiga tena na tena, hadi mama mkwe akaninyang'anya mwiko.

Kumbe utulivu wenyewe ndio huu. Nina hasira na wote waliomsifu. Mimi nilikuwa wa kwanza.

Jumanne, 18 Juni
Hospitali, Geita. Hasikii, masikio yote mawili, huenda tangu kuzaliwa. Daktari kasema tuanze kumfundisha lugha ya alama mapema. Baba Petro kalia kwenye basi, watu wanamwona. Mimi nilikuwa nimempakata mtoto, sikulia.

Jumamosi, 22 Juni
Mama mkwe karudi kwake na ndege wake, yungali hai.

Jioni Petro alikuwa kitandani, kanipa mgongo. Nimezoea kumwita kwa jina. Leo nimegonga ubao wa kitanda kwa ngumi, godoro likatetemeka.

Kageuka.