Nilionja rubisi ya mgeni nikafukuzwa kazi, na kibali sina

Bi Leonsia, shikamoo. Naomba unisaidie, maana jambo hili nimelibeba mpaka limenichosha. Mimi ni mjane, nimezaliwa ng'ambo, Burundi, nikaolewa kanisani hapa Kanazi na marehemu Anastazi, Mtanzania, ambaye alipenda sana kipindi chako, na kila barua ikisomwa redioni alikuwa anamjibu mwandishi kabla yako huku anamenya ndizi, na mara nyingi mlikubaliana. Alipofariki nikapata kazi ya kupika na kuhudumia katika mgahawa wa mama Bernadetha, Ngara mjini, nikaifanya kwa furaha, wateja wakanizoea, kibali cha kazi hakuna aliyekiuliza na mimi sikukitaja.

Basi juzi akaja mgeni kutoka Mwanza, amevaa suti, akaagiza rubisi, nami nikampelekea pombe yake na mrija, nikavuta kidogo mbele yake kwanza, kama tulivyolelewa, ili mgeni aone haina sumu, ndipo nikampa kwa mikono miwili, naye akaniangalia akasema, "Mama, hii utaimaliza wewe, au na mimi nimo?" Watu wakacheka, nami nikacheka nikidhani amefurahi, kumbe amekasirika, akamwita mama Bernadetha, naye akanifukuza palepale nikiwa bado na aproni. Nilipomwomba anisikilize akasema, "Wewe huna hata kibali, utanishtaki wapi? Bujumbura?"

Bi Leonsia, kazi hii ndiyo iliyokuwa inanishikilia hapa karibu na kaburi la mume wangu, na naogopa nikilalamika nitarudishwa ng'ambo. Wifi yangu Speciosa anasema twende kwa mwenyekiti wa kijiji niseme nimezaliwa Kanazi, yeye atakuwa shahidi, atasema alinibeba mgongoni nikiwa mchanga, ingawa mimi ndiye mkubwa. Nifanye nini?

Kaneza, Kanazi

Marahaba, Kaneza. Pole kwa kufiwa, na pole kwa bwana wa suti. Ulichofanya ni heshima, na Bernadetha ni mtu wa Ngara, anaijua vizuri. Alimwonea haya mgeni akakutoa wewe kafara. Sheria ya kazi haimruhusu mwajiri kufukuza mtu kwa hasira. Lazima awe na sababu ya haki, na amsikilize kwanza.

Sasa vumilia nikuambie lisilopendeza. Kwa mgeni asiye na kibali, kinga hiyo ni paa lenye matundu. Ukipeleka shauri la kufukuzwa, unaweza kuambiwa kwamba mkataba wenu haukuwa halali tangu mwanzo, na madai yako yakakosa pa kusimama. Nawe una kosa lako: miaka yote ya ndoa, mbona hamkwenda Uhamiaji? Mapenzi hayagongi mhuri. Ila Bernadetha asitambe. Kumwajiri mgeni bila kibali ni kosa lake pia, na nadhani ndiyo maana alipandisha sauti.

Speciosa anakupenda, lakini mpango wake utakufunga. Leo una tatizo la karatasi. Ukidanganya ulikozaliwa utakuwa na kesi, na yeye atashtakiwa pamoja nawe. Usithubutu.

Wiki hii, kabla hujaingia ofisi yoyote, mtafute msaidizi wa kisheria, wale wanaosaidia wananchi bure. Usichelewe, muda wa kupeleka shauri la kazi ni mfupi. Mpelekee cheti cha ndoa na cheti cha kifo, msimulie yote kama ulivyonisimulia mimi, hata ya mrija. Mwulize mjane wa Mtanzania anaombaje kukaa na kufanya kazi kihalali, kisha mwulize kama shauri lako na Bernadetha ni la kupeleka mbele au la kumaliza kwa mazungumzo. Ndoa yako inaweza kukufungulia mlango. Sikuahidi kwamba utafunguka.

Bernadetha atakuita, wateja wakianza kukuulizia. Mjibu kwa upole, "Mama, nitarudi kibali kikiwa mkononi." Kabla ya hapo usishike hata mwiko wake.

Na usiende peke yako, nenda na Speciosa, ni mtu mwema. Lakini mkifika mlangoni, yeye akae nje.