Tenga la Kuku kwenye Gari la Jaji

Baba,

Shikamoo. Marahaba nimejiitikia mwenyewe, maana hukupenda mtu aanze neno kabla ya salamu, na sidhani kama kufa kumekubadilisha.

Tumekuzika upande wa alizeti, kwenye kipande cha shamba kilichobaki. Kile kikubwa ulichokipigania hadi Mahakama Kuu, jirani ameshakilima. Mama akienda kisimani anazunguka njia ya mbali ili asikione. Nimekukasirikia, Baba. Ulikufaje haraka hivyo baada ya hukumu? Misigiri nzima wanasema jaji ndiye aliyekuua, na mimi nikiwa peke yangu nasema hivyo hivyo.

Baba mdogo anataka jaji afukuzwe kazi. Tulikwenda naye kwa wakili mjini. Wakili akatueleza polepole, kama watu wanavyosema na wafiwa. Hukumu mbaya haimwondoi jaji, hiyo inakatiwa rufaa. Jaji wa Mahakama Kuu huondolewa akiwa hawezi tena kazi, kwa maradhi au sababu nyingine, au mwenendo wake ukiwa umevunja maadili. Na hata hapo Rais huunda kwanza tume, yenye majaji ndani yake, ichunguze. Wakati wa kurudi, tulipopita Iguguno, baba mdogo akajipiga paja: "Kuku!"

Kumbe kesho yake baada ya hukumu aliliona gari la jaji kituo cha mafuta, na nyuma yake tenga la kuku. Basi, hiyo ni hongo ya jirani. Ukoo mzima umeamini kabla hata hajamaliza kusimulia. Malalamiko yameshaandikwa na shahidi ni mimi, kwa kuwa nauza kuku barabarani. Wanataka niseme nilimwona jirani akilipakia.

Baba, lile tenga ni langu. Lilifungwa kwa kipande cha kitenge changu chekundu, na baba mdogo anakieleza vizuri kabisa bila kujua ni cha nani. Dereva alisimama, akachagua majogoo, akalipa bila kuomba nimpunguzie. Jaji alikuwa kiti cha nyuma, anasoma. Nilimtambua. Nilitaka kumtemea mate. Nikafunga tenga, nikapokea hela, na jioni nikakununulia dawa ya kifua. Uliinywa, ukasema ni chungu.

Nakukumbuka ulivyokuwa mzee wa baraza la ardhi la kata. Watu walitaka mwenzako atolewe kwa kesi aliyoiamua ovyo, na wewe mwenyewe ulisema kaamua ovyo. Lakini kila aliyesimama kumtuhumu rushwa ulimuuliza: "Umeona, au umeambiwa?" Wakakaa chini mmoja mmoja. Nyumbani ukaniambia, tukimtoa kwa uongo, atakayekikalia kiti kile atatuogopa sisi, haki hataiogopa. Nilikuwa nachambua mboga, sikukujali sana. Leo kauli hiyo ndiyo inaninyima usingizi.

Nilimwambia mama ukweli. Akanitazama, akasema, "Kwa hiyo unamtetea aliyemuua baba yako?" Tangu hapo chakula nilichopika hakigusi.

Kesho ni kikao cha ukoo. Baba mdogo amesema asiyetia sahihi asikanyage kwenye arobaini yako. Na mimi natamani kutia sahihi, Baba, usinione mwema. Natamani mtu yule aitwe mbele ya tume, ahojiwe, akose usingizi kama sisi. Kama angekuwa kweli amekula hongo, ningekwenda kutoa ushahidi kwa miguu hadi Dodoma. Lakini alinunua kuku tu.

Nakuahidi nitasimama niseme tenga ni langu. Nakuahidi pia rufaa, hata wote wakinikimbia, hata nikiuza kuku mpaka nizeeke. Wakinizuia arobaini nitakuja siku nyingine, nipite nyuma ya alizeti, ningoe magugu kaburini kwako, kisha niende zangu.

Pumzika, Baba. Najua utaniuliza, maana uliwauliza watu wote. Niliona. Laiti ningekuwa nimeambiwa tu.

Mwanao,
Neema