Wachezaji Kumi na Watatu

Jumatatu, 3 Februari

Inatangazwa rasmi, wananchi wote wasimame: soksi yangu ya kushoto iliyopotea tangu Krismasi imepatikana ndani ya mkono wa koti. Mke wangu hakupiga makofi.

Kazini Maplewood, nyumba ya wazee huku ughaibuni. Nimemwogesha Mzee Walter, Mwaustralia, miaka tisini na moja. Habari ni zile zile: alikuwa winga wa raga huko Sydney miaka ya hamsini. Asubuhi anakata nyama buchani, Jumamosi anafunga trai. Goti likavunjika, akamfuata nesi mmoja hadi kwao hapa Saint Paul, akamwoa. Picha hana hata moja. Hmm. Wahudumu husimama kumsikiliza. Hadithi zangu za kuwa winga shuleni Nyeri hakuna anayeziulizia tena.

Jumatano, 5 Februari

Nimemnasa! Eti timu yao ilikuwa na watu kumi na watatu. Raga ni kumi na watano, au saba. Mtoto yeyote wa Nairobi anajua. Tena eti ukiangushwa unainuka, unaurudisha mpira nyuma kwa mguu. Mchezo gani huo? Kovu la goti si ushahidi. Hata mimi ninalo, la baiskeli.

Nimeandika kwenye ripoti: amechanganyikiwa, anajibunia maisha.

Ijumaa, 7 Februari

Akinyi, nesi mkuu, ameisoma. Mzee atapimwa akili Jumatatu. Akifeli kipimo, anahamishiwa wodi ile ya mlango unaofungwa kwa namba. Hakuna anayerudi kutoka huko.

Sikutaka hayo. Au nilitaka kidogo?

Jumamosi, 8 Februari

Nimemsimulia binti yangu. Kacheka hadi chai ikamtoka puani. "Baba, raga ziko mbili! Yao inaitwa raga ya ligi. Si ungeuliza kwanza?" Akanionyesha kwenye simu. Watu kumi na watatu. Mpira unarudishwa kwa mguu. Yote.

Nimetega saa iniamshe mapema Jumatatu.

Jumatatu, 10 Februari

Nimetoka nyumbani Blaine mapema, barabara barafu tupu. Nimemwambia Akinyi nilikosea. "Kwa hivyo wa kupimwa ni nani, Baba Njeri?" Ripoti imerekebishwa. Kipimo kimefutwa. Mzee anabaki chumbani kwake.

Sasa ukweli, maana daftari hili nalisoma mimi peke yangu. Kumi na watatu kilikuwa kisingizio. Jumatano ile mzee aliniuliza, kwa upole tu, nilikuwa nikimkwepa beki kwa mguu upi. Nikajibu: ule wa mbele. Akanitazama, akajua. Hakumwambia mtu. Mimi nikakimbilia kalamu.

Sikuwahi kucheza raga. Nilikuwa nabeba machungwa ya wakati wa mapumziko.

Leo nimemwambia, nikimvalisha soksi. Hata ripoti nimemwambia. Aliitazama soksi mkononi mwangu. Kisha akasema machungwa ndiyo anayoyakumbuka kuliko makocha wote.

Akanyoosha mguu wa pili.